Miezi minne na chai za Kijapani hapa Lamu, na ile ghali siyo iliyobaki jikoni

Mi ni mtu wa chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, iliki ya kutosha na mahamri mawili, asubuhi, halafu saa kumi hivo hivo tena, na katikati nikipita Mkunguni sikosi kahawa tungu na kipande cha halwa. Ndio nilivyolelewa na sioni haya kusema. Lakini mwaka jana mwishoni nilipimwa sukari ikawa iko pale mpakani, daktari akanambia dada punguza sukari na utembee. Kutembea sina shida manake naishi Langoni na kazi yangu iko gesti moja Shela, asubuhi naenda kwa miguu njia ya ufukweni maji yakiwa yamekupwa, dakika arobaini na kitu. Shida yangu ilikuwa kikombe.

Sasa pale gesti tukapata mgeni, mama mtu mzima kutoka Japani, akakaa siku tisa. Huyu mama hana habari na soda wala juisi za pakti, kila jioni anaomba maji ya moto jikoni, anakaa barazani na kibuli chake kidogo anakunywa taratibu, bila sukari bila maziwa, na ile harufu inayotoka pale wallahi mara ya kwanza nilifikiri kuna mtu anakaanga buni. Siku ya kuondoka akaniachia pakti mbili, moja hojicha moja mugicha (nitazieleza mbele), akanielekeza kwa ishara na ile simu ya kutafsiri. Ugonjwa wa hizi chai ukaanza hapo. Baadae nikaagiza mwenyewe matcha (ya unga) na sencha (ya majani) kwa muuzaji wa Nairobi, matcha gramu 30 shilingi 3,800, sencha gramu 100 shilingi 2,200, na kusafirisha juu yangu. Nimekunywa zote hizo miezi minne sasa, pesa ni zangu, hakuna aliyenituma.

Nianze na matcha manake hiyo ndio kila mtu ananiuliza. Mti wake ni ule ule wa chai wa Kericho na Nandi, tofauti ni kazi. Wiki tatu hivi kabla ya kuchuma wanaufunika mti usipigwe na jua, jani linazidi kuwa la kijani na linapata utamu fulani, likishachumwa linapigwa mvuke hapo hapo lisigeuke rangi (letu sisi linaachwa ligeuke, ndio linakuwa jeusi), linakaushwa, linatolewa mishipa na vijiti, halafu linasagwa kwa jiwe mpaka unakuwa unga laini kama poda ya mtoto. Kwa hivyo huchuji ukatupa majani, unakunywa jani zima zima. Na mahali penye sifa kubwa ya matcha ni mji mmoja karibu na Kyoto unaitwa Uji. Ndio, Uji. Nilipomwambia bibi yangu kuna chai inatoka Uji akanambia chai ni chai na uji ni uji, nichague kimoja nisimchanganye.

Kopo la kwanza lilinitia hasira. Limetoka Nairobi kwa basi, Mombasa likalala, basi tena mpaka Mokowe, boti, nalipokea jetini limepata moto kama limetoka jikoni. Kufungua, rangi imefifia, manjano manjano, ukiniwekea pembeni unga wa mkunazi wa kuoshea nywele nisingejua kipi ni kipi. Matcha nzuri inatakiwa iwe kijani inayowaka, kama jani changa la mgomba. Na kopo limeandikwa eti ni daraja la sherehe, yani ile ya heshima ya juu kabisa. Ndio nikaja kujua kuwa hayo maneno hayana sheria nyuma yake, hata Japani kwenyewe hakuna kipimo rasmi cha "daraja la sherehe", kila muuzaji anajiandikia anavyotaka. Kwa hivyo usinunue maandishi, nunua rangi, angalia imetoka mkoa gani na tarehe ya kusagwa kama wameweka. Nikamwandikia muuzaji, akasoma, akanyamaza siku nne, mwisho tukaelewana akaniletea kopo la pili nusu bei. Hilo la pili lilikuwa limefungwa kwenye karatasi ya fedha ndani ya kopo na hilo sina lawama nalo. Kuhusu bei pia nisimtwike yeye mzigo wote, dunia nzima imeingia wazimu wa matcha, mwaka 2024 hata maduka ya chai ya zamani ya Kyoto kama Ippodo na Marukyu Koyamaen yaliweka kikomo mteja anunue makopo mangapi.

Namna ya kutengeneza, sikilizeni vizuri manake hapa ndio watu wengi wanaharibu halafu wanasema matcha mbaya. Maji yanayochemka usimwage kwenye matcha hata kidogo, yanaifanya chungu mpaka uso unajikunja. Yanatakiwa yashuke kama nyuzi 80. Mi sina kipimajoto, nafanya hivi, nachemsha, namimina kwenye kikombe baridi, natoa hapo namimina kikombe cha pili, kila ukihamisha joto linashuka kama nyuzi kumi, ukihamisha mara mbili uko sawa. Unga gramu mbili, yani kijiko cha chai cha kusawazisha, upitishe kwenye chekecheke kwanza manake na unyevu wa huku unashikana madonge. Maji kidogo tu, kama finjani moja ya kahawa au zaidi kidogo, halafu unapiga mpaka povu.

Kupiga wao wana kifaa kinaitwa chasen, ni kipande kimoja cha mwanzi kimepasuliwa nyuzi nyembamba nyembamba, vinatengenezwa sana kijiji cha Takayama huko Nara. Mi nikasema kwani kipekecho cha jikoni kina kosa gani? Nikapekecha na viganja kama napekecha uji wa mtoto. Povu lilipatikana, kubwa kubwa kama la sabuni, na madonge yakabaki chini. Nikasalimu amri nikanunua chasen 1,800. Nayo ndani ya mwezi ikaota ukungu kwa sababu nilikuwa naiosha naifungia kwenye kiboksi chake. Kwa hali ya hewa ya Lamu iacheni wazi ipigwe na upepo, msifunike.

Na maji yenyewe pia. Maji ya bomba nyumbani kwetu yana chumvichumvi, kwenye chai ya maziwa na iliki huhisi, kwenye chai ya kijani unahisi kila kitu, nikawa kama nakunywa supu ya mwani. Nikabadilisha nikatumia ya mvua tuliyoyakinga, ikawa kinywaji kingine kabisa.

Ladha yake sasa. Nzito, ya mboga, fikiria mchicha uliopikwa bila chumvi, halafu ukishameza ndio kuna utamu unakuja nyuma polepole unakaa ulimini. Siku mbili za kwanza sikuipenda, siku ya tatu nikaizoea, wiki ya pili nikawa naitafuta. Bibi alionja mara moja tu, akarudisha bakuli, "Hini ni mayani ya punda, mwanangu." Na mtu wa Lamu akikwambia hivo ujue amemaliza.

Nguvu yake ipo. Gramu mbili zina kama miligramu 64 za kafeini, na inavyoamsha si kama kahawa ya Mkunguni inayokupiga kifuani, hii inapanda taratibu na inakaa, wanasema ni sababu ya kitu kinaitwa theanini ambacho kipo kwa wingi kwenye haya majani yaliyofunikwa yasipigwe na jua. Mi najua tu kwamba nikinywa saa mbili asubuhi mahesabu ya gesti yananiendea vizuri mpaka adhuhuri. Lakini tumbo tupu usijaribu. Nilijaribu baada ya alfajiri, kabla sijatia kitu mdomoni, nikafika nusu njia ya Shela natafuta pa kukaa, kichefuchefu kimenishika, nimekaa juu ya ukuta wa bahari nikiwatazama punda wanapita na mawe ya ujenzi nikawaonea wivu.

Halafu kuna hawa akina dada wanaouza matcha ya kupunguza tumbo kwenye wasap. Jamani. Matcha haikati tumbo. Wengine wanauza na vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa, hivo ndio kabisa mkae navyo mbali, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishatoa onyo 2018 kuwa vidonge vya aina hiyo dozi ikizidi vinaweza kuumiza ini. Chai ya kawaida kwenye kikombe haina neno. Mwezi uliopita nilipimwa tena sukari ikawa imeshuka kidogo, na kuna mtu ashaanza kusema ni chai, hapana, nilikuwa nakula vijiko sita vya sukari kwa siku kwenye chai peke yake, vimetoka. Nisingekuwa na kikombe kingine cha kushika mkononi nisingeweza kuviacha, msaada wa chai ni huo tu.

Kuweka, kopo likishafunguliwa friji, lifungwe sawasawa, na ukilitoa usilifungue hapo hapo, liache ubaridi uishe kwanza la sivyo umande unaingia ndani. Stima ikikatika usiku mzima usilifungue fungue kuangalia. Mi nililifungua kuangalia. Msinifuate.

Kwa hivyo matcha naipenda, ila kwa bei hiyo nimeifanya ya Ijumaa na siku za mahesabu ya mwisho wa mwezi. Na tafadhali, kuna mahali hapa Shela wanauza matcha ya barafu 650, glasi nzuri, mtazamo wa bahari mashallah, lakini nilipoonja kilichokuwemo ni maziwa mazito ya kopo na rangi. Nikimwuliza kijana umetia sukari ananambia kidogo tu. Kidogo cha nani?

Sencha sina maneno mengi. Hii si unga, ni majani kama sindano, unaloweka dakika moja kwa maji yasiyochemka unachuja. Ndio chai ya kila siku ya Wajapani, namna yake ya kuipiga mvuke na kuisokota ilianzishwa na mkulima mmoja, Nagatani Soen, mwaka 1738. Safi, nyepesi, majani yale yale unayatumia mara mbili tatu kwa hivyo ile 2,200 inakwenda mbali. Lakini kwangu ni kama samaki aliyepikwa bila ndimu, hana kosa na hana kisa. Jambo moja, usiinywe pamoja na mbaazi zako za asubuhi ukidhani umefanya jambo la afya, chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye nafaka na mboga, ipe kama saa moja hivi. Dada yangu ana mimba, hii ndio kitu cha kwanza nilimwambia, na kafeini kwake yeye isizidi miligramu 200 kwa siku, kahawa na chai na kila kitu zikijumlishwa.

Hojicha ndio ile niliyoinusa barazani. Ni chai ya kijani imekaangwa, ilianza Kyoto miaka ya 1920, inakuwa ya hudhurungi na ule uchungu wa kijani unaondoka unabaki moshi moshi na kama karanga. Hii hata mzee wa kahawa ataielewa. Maji yake unaweza kumwaga yakiwa yanachemka, haina maringo, nusu dakika imeshaiva. Na mkate wa sinia usiku, ah, nisiseme.

Ila nayo ilinitia matatani. Kila mahali unasikia hojicha haina kafeini, kunywa usiku ulale. Mi nikaamini, Ramadhani nikawa nakunywa buli zima baada ya tarawehe, halafu nalala macho wazi mpaka wapiga daku wanapita. Nikatafuta, kumbe jedwali la vyakula la serikali ya Japani linaipa hojicha miligramu 20 za kafeini kwa mililita 100, sawa sawa na sencha, kahawa yenyewe ni 60. Kwa hivyo kidogo ndio, lakini mtu akinywa buli zima si kidogo tena.

Na hapo katikati ami yangu akaja na suala lake, hizi za Kijapani si ndio zile za sake, hakikisha usije ukatunywesha pombe nyumbani. Nikamwambia ami chai ni majani na maji tu. Ila suali lake halikuwa la ujinga, kuna kinywaji chao cha mchele kinaitwa amazake, kinasifiwa sana kwa afya, na kiko cha namna mbili, cha chachu ya mchele ambacho hakikusudiwi kuwa na pombe, na cha machicha ya sake ambacho kinaweza kuwa nayo. Jina ni moja. Kama wewe ni mtu wa kujali, soma pakti neno kwa neno au kiache. Mi nimekiacha.

Sasa mugicha. Hii pakti ilikaa kabatini wiki sita sijaigusa, manake ilikuwa ya mwisho na haina jina kubwa, hakuna anayepiga picha na mugicha. Usiku ule wa kukosa usingizi ndio nikaikumbuka. Mugicha hata si chai, haina jani, ni shayiri iliyokaangwa. Shayiri! Ile ile ya uji tunayompikia mzazi na mgonjwa. Haina kafeini kabisa, Japani wanawapa mpaka watoto, wakati wa joto kila nyumba ina jagi kwenye friji. Nikaloweka kifuko kimoja kwenye lita ya maji baridi usiku, asubuhi imekuwa rangi ya kahawa nyepesi, nikaonja.

Jamani kwa joto la Lamu hiki ndicho kinywaji. Kinakata kiu mpaka chini, hakina utamu lakini huutafuti, kina ladha ya ule ukoko wa mkate wa mofa uliopata moto sawasawa. Nikawa natembea na chupa yake njia nzima ya Shela. Futari, nilikuwa mtu wa juisi ya ukwaju yenye sukari robo, nikaweka jagi la mugicha pembeni, likaisha kabla ya ukwaju, na waliolimaliza hawakuuliza ni nini. Asiyepatana na gluteni tu ndio asiiguse, shayiri inayo.

Wiki ya pili pakti imekwisha. Yule muuzaji wa Nairobi hakuwa nayo, kuagiza mbali ni pesa na miezi. Ndio nikajiuliza, shayiri inauzwa pale pale Usita wa Mui, barabara yetu kuu, nusu kilo 150, nahangaika na nini? Iliyopo ni iliyokobolewa, ya kwao wanakaanga na ganda lake, lakini nikasema tujaribu. Mara ya kwanza niliitoa mapema ikawa kama maji ya uji. Mara ya pili nilikuwa na simu, ikaungua, nyumba nzima moshi, jirani akapiga hodi. Bibi akatoka chumbani akaninyang'anya mwiko.

Huyu mwanamke amekaanga buni maisha yake yote. Hakuuliza ni ya wapi wala ya nini. Kikaango kizito, bila mafuta, moto mdogo, mkono hausimami, anasikiliza. Nikamwuliza bibi nusu saa au robo saa, akanambia pua haina saa. Ilipoanza kupasuka pasuka na harufu ikabadilika akangoja kidogo tena, akaimwaga kwenye uteo ipoe. Vijiko viwili kwa lita moja, chemsha dakika kumi, iache ipoe na punje zake, chuja, friji. Maliza ndani ya siku moja au mbili manake inachachuka haraka. Niliweka glasi mbili, ile ya mwisho ya pakti niliyokuwa nimeificha na hii ya Bibi. Ya pakti ina moshi zaidi, sikatai. Ya Bibi ni laini na ina utamu wa nafaka. Ndugu zangu wote wamechukua ya Bibi, ingawa hao nao ni wajukuu.

Kwa hivyo hesabu ya jikoni kwangu leo, matcha imebaki gramu kama kumi, sencha nimempa mtu wa mapokezi gesti, hojicha nikipata tena nitanunua lakini mwisho wake alasiri. Shayiri inakaangwa kila Alhamisi. Tatizo lililopo ni kwamba Bibi ameanza kuitia tangawizi kavu na iliki, anaipika kwenye dele, anaiita kahawa ya shayiri na anawagawia mabibi wenzake barazani, nikirudi kazini sikuti hata tone.

Yule mama wa Japani ameandika anarudi Agosti, kauliza aniletee nini. Nimemwambia chasen tu, hii yangu imeota ukungu. Mugicha nitampa mimi, ya Bibi, ile isiyo na tangawizi.